Chini ya Lori la Chumvi

Vijana wangu mnaoshika spana, kabla hamjafungua boneti ya gari la mtu, laleni chali kwanza mwingie chini. Mwenye gari atawaonyesha injini, kwa sababu inapiga kelele na yeye ameisikia. Atawaonyesha taa iliyovunjika, kwa sababu anaiona kila akipanda. Chini hatawaonyesha, maana hajawahi kufika huko. Na gari huanza kufa kutoka chini.

Kazi hii niliifanya Tabora tangu enzi za Mwingereza, katika gereji ya mabati pale Mtendeni, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mgongo wangu, uliolala udongoni zaidi kuliko godoroni, bado unakubali kuinama kwa rukuu. Wenzangu wengi walipenda injini. Mimi nilipenda chasisi, yaani ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba gari zima kutoka pua hadi mkia, na adui yangu alikuwa kutu.

Watu wa pwani hunicheka. Husema, Tabora na kutu wapi na wapi, bahari mmeiona lini? Nami huwajibu kwamba bahari yetu ilikuja kwa gunia. Chumvi yetu ilitoka Uvinza. Zamani za misafara ililetwa mabegani mwa watu. Wakati wangu ililetwa kwa treni, ikashushwa stesheni, na kutoka hapo malori yakaichukua kwenda Sikonge, Nzega, Ziba na kote ambako mtu anataka mboga yake iwe na ladha. Gunia la katani lina matundu. Kiangazi chumvi hujipenyeza katikati ya mbao za bodi ikatulia. Mvua ya kwanza ikinyesha, inayeyuka na kushuka tone kwa tone hadi kwenye chasisi. Jua likiwaka maji yanaondoka, chumvi inabaki. Unyevu ukija tena, nayo inaamka tena. Lori la mkaa au la mbao za mninga liliweza kuzeeka kwa heshima. Lori la chumvi, lisipotunzwa, lilioza likiwa bado na rangi yake ya dukani.

Aliyenifundisha kupigana na jambo hili ni Fundi Shomari, Mzaramo aliyekuja bara na reli akiwa kijana, akaoa kwetu na asirudi pwani tena isipokuwa kuzika. Nilipoingia kwenye gereji yake nilikuwa tayari fundi, nina mke na mtoto, lakini mbele yake nilibaki mwanafunzi hadi siku tuliyomsalia jeneza. Alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini wa mpera. Akiingia chini ya gari hakuangalia kitu. Alifumba macho, akagonga chasisi taratibu toka mbele kwenda nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele ya kanisa la mbali. Chuma kilicholiwa hujibu kama debe lenye unga.

"Macho yanadanganywa na rangi, Idi," aliniambia. "Sikio halipakwi rangi."

Palikuwa na fundi mmoja mjini, jina lake sina haja ya kulitaja, ambaye dawa yake ya kutu ilikuwa lami. Akiona chuma kimeanza kuwa chekundu anachemsha lami anamwaga, na gari linatoka likiwa jeusi, linang'aa, mwenye gari anafurahi. Siku moja tukiwa tunalifungua gari kama hilo, Fundi Shomari aliniuliza, "Wewe umesoma chuo cha Kurani. Mtu ana nta mkononi, akatia udhu juu yake. Udhu wake ukoje?"

"Haukutimia," nikasema. "Maji hayakufika kwenye ngozi."

"Basi na huyu hivyo hivyo. Lami yake haijafika kwenye chuma. Imefika kwenye kutu, ikaifunika shuka, kutu ikasema asante, sasa nitakula bila kutazamwa."

Maalim wangu aliyenifundisha udhu nikiwa mdogo hakujua kwamba ananifundisha ufundi. Lakini tangu siku ile sijapaka kitu juu ya chuma bila kukitoharisha kwanza. Kwangu neno ni hilo, kutoharisha, yaani kusafisha hadi kwenye ngozi ya chuma.

Namna tulivyofanya ni hii. Kwanza maji, tena maji matamu ya kisima na mengi, yapite hata ndani ya mikunjo ya chasisi ambako tope hujificha. Msiogope kuosha, gari haliharibiwi na maji, linaharibiwa na maji yasiyopata njia ya kutoka. Kwa hiyo yale matundu madogo ya chini aliyoyaacha mtengenezaji yazibueni kwa waya, wala msiyazibe kamwe kwa rangi au grisi. Tukishaosha, Fundi Shomari alikinga tone la mwisho kwa kidole akalilamba. Likiwa na chumvi, tunaosha tena. Hakukuwa na kipimo kingine, na sikuona kikikosea.

Mwezi wa Ramadhani ulitupa taabu. Jirani yetu wa kibanda cha pili alikuwa seremala Mkatoliki, Petro, mtu wa utani mwingi. Tulimwita.

"Yaani nyinyi mnafunga," alisema, "halafu mimi ndiye nilambe lori?"

"Thawabu tutagawana," Fundi Shomari alimjibu.

"Na tope mgawane pia." Lakini alilamba, akatema, akasema, "Bado. Hili hata nyama unaweza kuungia."

Baada ya maji ni jua, mpaka chuma kikauke hata ndani. Kisha brashi ya waya na tindo, kukwangua mpaka kionekane cheupe. Kisha ile rangi nyekundu nzito iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo baada yake mnawe mikono kabla ya kula, maana ni sumu. Na juu ya rangi ndipo inakuja dawa yetu ya Unyamwezi: nta ya nyuki iliyochemshwa, ikachujwa kwa kitambaa, ikachemshwa na kuchujwa tena hadi isibaki na asali hata kidogo, kisha ikayeyushwa pamoja na oili safi. Ikiwa ya vuguvugu unaipaka kwa brashi laini. Ikipoa inashika, haivunjiki gari likitikisika, na maji yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Siku hizi mnapuliza dawa za makopo kwa pampu, nazo ni nzuri, sizibezi. Lakini kopo halikwangui. Kazi ya kukwangua bado ni ya mkono wako.

Wapo waliojaribu kuirahisisha kazi hii. Mfanyabiashara mmoja alisikia kwamba tunapaka mafuta, akapaka gari lake mafuta ya ng'ombe. Mbwa wa mtaa mzima walihamia chini yake. Kila akitaka kuondoka ilibidi mkewe atangulie na fimbo. Huyo tulimcheka, akacheka naye, yakaisha. Ila yule mwingine aliyetaka kurahisisha hakuishia kwenye kicheko, na habari yake nataka mwisikilize vizuri.

Alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi, Mkristo Mmoravian wa dhati, mtu mwaminifu ambaye mizani yake ya dukani haikuwahi kusemwa vibaya. Alikuwa na lori moja na aliliendesha mwenyewe. Alikwenda vijijini na chumvi, akarudi na asali na nta. Siku moja alikaa kwenye benchi letu akamtazama Fundi Shomari akipaka nta gari la watu, akatikisa kichwa.

"Mtani," alisema, "kumbe unanitoza kwa kitu ambacho mimi ninacho ghala zima?"

Hapa ni lazima niwaeleze utani, maana wengine mmezaliwa mjini na mnadhani utani ni mzaha tu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwa babu zao wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakagombana kwa ajili ya maji na chakula, mwisho wakaona heri matusi yawe mchezo kuliko damu. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kuku wako bila kukuuliza, na akija kwenye msiba wako anaweza kulala kaburini hadi umkomboe kwa zawadi. Huruhusiwi kukasirika. Na jambo ambalo mtoto wako anaogopa kukwambia, mtani ndiye anayelisema.

"Nta unayo," Fundi Shomari alimjibu. "Akili ya kuichuja umeiacha Bagamoyo na mzigo wa babu yako."

"Afadhali babu yangu alibeba mzigo. Wa kwako alikaa chini ya mnazi akingoja nazi imwangukie mdomoni."

Wakacheka, na Mzee Mihayo akaenda zake. Kumbe alikuwa amekusudia kulipaka lake mwenyewe. Alichukua masega mabichi, yenye asali yake, akayapasha moto kidogo tu, akalipaka lori lake chini kote. Hakuosha, hakukwangua. Alipaka juu ya tope, na tope lilikuwa na chumvi ya misimu yote.

Kesho yake alifika sokoni na nyuki. Sisemi nyuki wachache. Kundi zima lilikuwa limejikunja kwenye ekseli ya nyuma kama ndevu. Wauza mihogo waliacha mihogo. Mzee Mihayo aliketi ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, jasho likimtoka, na Fundi Shomari akasimama mbali akimwita, "Mtani, shuka basi tusalimiane! Mbona leo una maringo?"

Moshi uliwaondoa nyuki. Fundi Shomari akaacha mzaha, akamsogelea akamwambia lilete gari tulioshe lote tuanze upya, maana asali hunywa unyevu wa hewani, na sasa umeifungia chumvi pamoja na maji yake. Mzee Mihayo aliahidi. Lakini ulikuwa msimu wa biashara, na nyuki hawakurudi, naye akapaka oili juu ya nta ile, chini pakang'aa. Kila alipotuona alituambia atakuja. Misimu ikapita.

Kisha binti yake Raheli akachumbiwa na kijana wa Ziba, kwa watu wenye ng'ombe na pamba. Mzee Mihayo alijulisha kila mtu kwamba binti yake hataondoka kwa lori la kukodi. Atapelekwa na lori la baba yake, pamoja na kwaya na shangazi zake, na wakwe watamwona baba mtu akiwa kwenye usukani.

Asubuhi ya safari walipita kwetu jua likichomoza. Lori lilikuwa limejaa mabenchi, na mabenchi yamejaa watu. Kwaya imeshaanza kuimba. Raheli yuko mbele na mama yake, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Idi. Nikazie nati za springi za nyuma, zinalia. Fanya haraka, tufike Ziba kabla jua halijazama."

Nikasema bismillahi nikaingia chini. Nilikaza nati ya kwanza, na nilipovuta spana kwenye ile ya pili nilisikia kitu kikisogea ambacho hakikupaswa kusogea. Nikachukua tindo, nikakwangua ile nta nyeusi mahali springi inaposhikwa na chasisi. Ilitoka kama ukoko wa sufuria, ikinuka asali iliyochacha. Chini yake chuma kilikuwa kimegeuka kurasa, moja juu ya nyingine. Nikasukuma tindo kwa mkono tu. Ilizama. Juu yangu nilisikia watoto wa kwaya wakigonga miguu kwenye mbao kwa kufuata wimbo, na kila wakigonga, vumbi jekundu lilinidondokea usoni.

Nilitoka nikamwomba Mzee Mihayo tusogee pembeni. Nilimwambia taratibu, kwa adabu: chasisi imeliwa upande wa kulia, kwenye makorongo ya kule Nzega itavunjika, na ikivunjika springi itaachia na lori litapinduka.

"Idi, lori hili lilibeba chumvi hadi juzi."

"Chumvi ikianguka tunaizoa, mzee."

"Kule wameshachinja. Wazee wamekusanyika. Unataka mtu akasimame mbele yao aseme Mihayo ametuma ujumbe kwamba lori lake limeoza?" Akashusha sauti. "Nimeliombea gari hili leo alfajiri pamoja na mchungaji. Mungu atatulinda."

"Mungu ndiye mlinzi, mzee, sina neno juu ya hilo. Lakini mimi amenionyesha tundu."

"Kaza nati," alisema, akarudi kwa watu wake akitabasamu kama mtu mwenye harusi.

Nifanye nini? Yeye ni sawa na baba yangu. Kumtangazia mbele ya binti yake na kwaya kwamba anaendesha mzoga, ningekuwa nimemvunjia heshima, na bado angewasha gari akaondoka kwa hasira, haraka zaidi. Nikaenda nyuma ya gereji, ambako Fundi Shomari alikuwa anakunywa uji. Nilimweleza. Aliweka bakuli chini, akachukua shuka lake la kulalia mchana na ile nyundo ndogo, akatoka nje akiimba wimbo wa msiba wa kwao.

Alipita mbele ya watu wote, akainama, akaingia chini ya lori, akalala chali mbele ya tairi la nyuma, akajifunika shuka hadi usoni.

Kwaya ikanyamaza. Mtu akacheka. Mzee Mihayo akashuka.

"Shomari, unafanya nini?"

"Marehemu hasemeshwi," sauti ikatoka ndani ya shuka.

"Toka, mtani. Leo sina nafasi."

"Mimi nimesikia mtani wangu anapeleka watu kaburini, tena wengi, wamevaa vizuri. Nikasema mbona hakunialika? Basi nimetangulia. Washa gari, anza na mimi, hao wengine watanifuata."

Shangazi zake Raheli wakaanza kuangua kicheko, wale wakubwa wanaojua desturi. Mmoja akaita kutoka juu, "Kaka, mkomboe huyo, tutachelewa!"

Mzee Mihayo alilazimika kucheka naye, ingawa macho yake hayakucheka. "Haya, mtani. Unataka nini? Kuku? Kuna jogoo hapa nyuma, chukua."

"Jogoo wa Mnyamwezi ni mifupa mitupu. Sitaki."

"Debe la asali."

"Asali yako naifahamu, ina wenyewe." Watu wakacheka tena. Kisha mkono wa Fundi Shomari ukatoka chini ya shuka ukiwa na nyundo, mpini ukimwelekea Mzee Mihayo. "Nataka pigo moja. Kwa mkono wako mwenyewe, hapa juu ya kifua changu nitakapokuonyesha. Likilia vizuri, natoka, na nitakimbia mbele ya lori hadi nje ya mji nikitangaza kwamba Wazaramo ni waongo."

Hakuna Mnyamwezi ambaye angekataa ahadi hiyo. Mzee Mihayo alikunja mikono ya shati lake jeupe la harusi, akapiga goti, akaingia nusu ya mwili. Nami niliinama upande wa pili. Fundi Shomari alikuwa ameondoa shuka usoni, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Alimwonyesha kwa kidole.

Mzee Mihayo alipiga. Hakupiga kwa nguvu. Mtu anayegonga mlango wa jirani hupiga zaidi. Kipande cha chasisi kama kiganja cha mkono kiliachia kikaangukia kifua cha Fundi Shomari, na mahali kilipokuwa tukaona mwanga wa asubuhi na ukingo wa gauni la mwanakwaya kupitia ufa wa mbao.

Wazee wawili walitazamana, vichwa vyao vikiwa karibu.

"Mtani," Fundi Shomari alisema polepole, "mwanao yuko juu."

Mama Raheli akaita kutoka mbele, "Baba Raheli, ni nini hicho kilichoanguka?"

Mzee Mihayo alitoka, akajikung'uta magoti, akashika ubao wa bodi. Kisha akasema, "Shukeni. Wote. Taratibu, msirukeruke."

Tulipata lori la pamba lililokuwa likirudi Nzega tupu. Lilimchukua Raheli na wazazi wake na shangazi wachache hadi Ziba. Kwaya ikabaki Tabora na nguo zake za sherehe. Ndoa ilifungwa kesho yake badala ya siku iliyopangwa. Mzee Mihayo alifika kwa wakwe akiwa amekaa nyuma juu ya turubai, na walipomuuliza alisema kulikuwa na dharura. Hilo tu. Aliporudi alituambia lilikuwa jambo gumu kulimeza, na sisi hatukulizungumza zaidi.

Sasa lori. Wengi walimshauri auze kama chuma chakavu. Fundi Shomari alisema mifupa mingine yote ni mizima, ni huo mmoja tu. Tuliondoa bodi. Tukalikata lile eneo lote lililoliwa, tukarudi nyuma hadi chuma kilipolia vizuri, na hapo tukakata kidogo zaidi, kwa sababu kutu ina mizizi usiyoiona. Tukachukua kipande kutoka chasisi ya lori jingine lililopinduka, unene uleule, tukakiweka na bamba ndani na bamba nje. Enzi hizo hatukuwa na mashine ya kuchomelea. Tulitumia ribiti za moto, yaani misumari minene ya chuma inayopigwa kichwa pande zote mbili. Mwenzako anavukuta, wewe unaitoa ribiti motoni ikiwa nyekundu kama pilipili, unaitia tunduni, mmoja anakinga kwa chuma kizito upande wa pili, mwingine anaipiga kichwa kabla haijafifia. Ikipoa inajivuta yenyewe na kuyabana mabamba. Ribiti zile nilizipiga mimi, zote, Fundi Shomari akikinga. Ni kazi niliyoifurahia kuliko nyingi katika maisha yangu.

Na kuosha? Kuosha alikuja Mzee Mihayo mwenyewe. Kila jioni baada ya kufunga duka alivua viatu, akachota maji kisimani, akamwaga, akakinga tone, akalamba.

"Bado," alisema, akitema.

"Kunywa kabisa, mtani, ni jasho lako," Fundi Shomari alimwambia.

"Nyamaza, maiti. Wewe nilikuzika."

Mpaka siku moja akalamba, akatikisa kichwa, akalamba tena mahali pengine, akasema halina ladha. Tukaanika, tukakwangua, tukapaka ile nyekundu, tukapaka nta iliyochujwa kweli kweli. Nta hiyo alichuja yeye, na nilipoitazama kwenye mwanga haikuwa na doa.

Lori lilirudi kazini, likabeba chumvi, safari hii na turubai nene chini ya magunia na maji ya kisima kila lilipomaliza safari. Lakini abiria Mzee Mihayo hakuwapakia. Sikumuuliza sababu. Ilipofika habari kwamba Raheli amejifungua salama, Mama Raheli na shangazi wakataka kwenda Ziba kumwona mtoto, mzee alikuja gerejini akiwa na kofia mkononi.

"Idi, wewe uliyepiga ribiti, utakaa wapi safari hii?"

Nikamwambia, "Juu ya ribiti zangu, mzee."

Nilivaa kanzu, nikapanda nyuma, nikakaa upande wa kulia juu ya springi, shangazi zake Raheli wakinizunguka. Vijana, ufundi wote niliowaambia mnaweza kuusahau, huu msiusahau: ukishatengeneza gari la watu, uwe tayari kukaa juu ya mahali ulipotengeneza. Kama moyo wako unasita, rudi chini. Kwenye makorongo ya Nzega, lori lilipoinama, wale akina mama walinishika mabega. Mimi nilimtaja Mungu na kusikiliza. Kulikuwa na mlio wa mbao na mlio wa springi. Chuma chetu kilikuwa kimya.

Ziba walitupokea vizuri, wakatuletea maji na maziwa. Wanawake wakaingia kwa mtoto. Sisi wanaume tulikaa uani, na baba yake mume wa Raheli, mzee mkimya mwenye mashamba ya pamba, akalitazama lori lililosimama nje.

"Hilo ndilo tulilolingoja siku ile?" aliuliza.

"Ndilo," Mzee Mihayo alisema.

"Mlisema dharura."

Nilitazama chini. Nilijua Mzee Mihayo alivyolibeba jambo lile. Angeweza kusema tairi, angeweza kusema mvua, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

"Haikuwa dharura," alisema. "Lilikuwa limeoza. Nililipaka asali juu ya chumvi, nikadhani nimelitibu. Huyu kijana aliniambia, nikamkatalia. Mtani wangu alilala chini yake ndipo nikaamini. Ningewaletea maiti, mkwe wangu, na mwanangu akiwa mmoja wao."

Mimi nilingoja mzee yule agune au atikise kichwa, kama wakwe wanavyoweza. Hakufanya hivyo. Aliweka kikombe chake cha maziwa chini, akafikiri, kisha akanigeukia.

"Kijana, na mimi nina lori nyuma ya ghala. Linabeba pamba, lakini kabla sijalinunua lilikuwa la chumvi. Kesho kutwa linapeleka watu mnadani. Limepakwa chini, ni jeusi, linang'aa sana."

Nikavua kanzu yangu, nikaikunja, nikampa Mzee Mihayo anishikie, nikaomba nyundo.